Bakteria wa ngozi yako akihamia ndani ya mwili: maongezi yangu na wazazi na wahudumu wa afya

Wazee wangu shikamooni, mama zangu shikamooni, vijana habari za saa hizi. Nashukuru sana kwa kuja, najua leo Jumamosi kila mtu ana shughuli zake, kuna wa sokoni, kuna wa shamba, kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye kilichonileta.

Mimi ni mtu wa maabara, upande wa bakteria, kazi yangu miaka yote hii ni kupokea usaha, damu, mkojo, makohozi, naotesha, naangalia kimeota nini na dawa gani inamuua. Mgonjwa mwenyewe mara nyingi simuoni, namjua kwa namba iliyoandikwa kwenye kikopo. Ila kuna kitu nimekiona huko ndani miaka na miaka na kinaniuma kweli, ndio nikasema lazima nikiseme mbele za watu, kwamba wale bakteria tunaoishi nao kwenye ngozi kila siku tunawadharau sana, anawadharau mgonjwa, anawadharau muuza duka la dawa, na sisi wa maabara tunawadharau pia, halafu siku wakihamia mahali ambapo si pao tunakuja kushtuka tumechelewa.

Tuanze na pua. Kwenye ngozi yako ukiwa mzima kabisa umeoga umependeza kuna bakteria wengi mno, na huwezi kuwamaliza kwa sabuni, wala hutakiwi kuwamaliza, wengi wao wanakusaidia, wanashika nafasi ili wabaya wasipate pa kukaa. Kuna mmoja anaitwa stafilokokasi orea, huyu kati ya watu 10 watatu hivi wanaye ndani ya tundu za pua na wala hawajui, hawaumwi chochote, ukipiga chafya ukajifuta kwa kiganja umeshamhamisha. Huyo huyo ndiye anayeleta majipu. Jina lake la kwanza alilitoa daktari mmoja wa upasuaji wa Scotland, Alexander Ogston, huko Aberdeen, mwaka 1880 alichukua usaha wa jipu akauweka kwenye hadubini akaona viduara vimejikusanya kama kichala cha zabibu, akajenga kimaabara chake nyuma ya nyumba akawa anawaotesha ndani ya mayai ya kuku, na hilo neno stafilo ni zabibu kwa Kigiriki. Mwaka 1884 Mjerumani Rosenbach akamuongezea hilo jina la pili, maana yake dhahabu, kwa sababu akiota anatoa rangi ya njano ya dhahabu. Na mimi mpaka leo nikifungua sahani asubuhi nikaona vidoti vya dhahabu vimetuna juu ya ile damu ya kondoo tunayooteshea, moyo unanipiga, kwa sababu najua kuna mtu mahali anaumia.

Sasa jipu la juu ya ngozi kila mtu analijua, linavimba, linaiva, linapasuka, unapona. Nataka kuongelea jipu ambalo hulioni.

Mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka 14, mpenzi wa mpira sana, alipigwa goti kwenye paja uwanjani, akasimama akaendelea kucheza, hakuna kidonda, hakuna mchubuko, hakuna chochote. Baada ya siku nne tano paja likaanza kuuma. Kila mtu nyumbani akasema ni lile goti, bibi yake akamkanda kwa maji ya moto na chumvi, jirani akamchua kwa mafuta, na ukimshika lile paja lilikuwa gumu kama ubao, ila ngozi ya juu kawaida kabisa, haijawa nyekundu, haijang'aa. Wakampeleka kituo kimoja cha afya wakapima malaria haipo, lakini wakampa dawa ya malaria vilevile. Ikaja wiki ya pili akaanza kuchechemea, usiku homa, mtoki ukatoka, hapo sasa ndio akatokea mtu akasema hili ni tambazi, ule uvimbe wa ndani, na tambazi halitakiwi sindano, akichomwa sindano anakufa. Basi sindano ikaogopwa, wakanunua amoksi dukani, akanywa siku tano.

Dada alinipigia simu siku ya 13. Nikamwambia nipe mwenyewe niongee naye, akaniambia, mjomba, mguu unaniuma kwa ndani kabisa, kama kuna kitu kinadunda. Hilo neno kinadunda sijalisahau. Nikamwambia dada chukua bodaboda, hapana, chukua gari, mlete sasa hivi usiku huu huu.

Dokta wa upasuaji alimuangalia, akapiga ultrasaundi, akaona ndani ya nyama ya paja kuna dimbwi. Wakampeleka chumba cha upasuaji, wakampa nusu kaputi, wakapasua, ukatoka usaha zaidi ya nusu lita, mzito, rangi ya maziwa ya mtindi yaliyochanganyika na damu. Nusu lita ndani ya paja la mtoto ambaye juu yake hana hata mkwaruzo.

Huu ugonjwa kitaalamu unaitwa payomayosaitisi, yaani msuli kujaa usaha, na watu wa huku kwetu tungetakiwa kuujua kuliko mtu yeyote duniani kwa sababu ni ugonjwa wa nchi za joto. Uliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1885 na daktari anaitwa Scriba, na miaka ya 1960 madaktari waliokuwa Kampala waliandika wagonjwa wao wengi tu wa ugonjwa huu kwenye majarida ya Afrika Mashariki. Na anayeusababisha huku kwenye joto, kwenye wagonjwa wengi sana, wanafika mpaka 9 kati ya 10, ni yule yule wa puani, stafilokokasi wa dhahabu.

Mtu ataniuliza sasa amefikaje ndani ya nyama bila kidonda? Swali zuri. Msuli wenyewe kwa kawaida ni mgumu sana kushikwa na bakteria, una damu nyingi na unajilinda. Mwaka 1904 mtafiti mmoja Mjapani, Miyake, aliwadunga wanyama wa maabara hawa bakteria kwenye damu, misuli ikabaki salama, ila akiuumiza msuli kwanza halafu bakteria wakapita kwenye damu, hapo jipu linaota pale pale palipoumia. Sasa fikiria kijana ana kichunusi mahali, au amejikuna kipele, bakteria wachache wanaingia kwenye damu, jambo ambalo linatokea mara nyingi na kinga inawamaliza, lakini wiki hiyo hiyo amepigwa goti, ndani ya nyama kuna damu imevia, wanakuta kitanda kimetandikwa. Kwa hiyo bibi hakukosea kusema ni lile goti, goti lipo kweli, ila si wagonjwa wote wanakumbuka kuumia, wengi hawakumbuki kitu. Na wenye kinga iliyoshuka, mwenye VVU ambaye hajaanza dawa, mwenye kisukari, mtoto mwenye utapiamlo, hao wako karibu zaidi na hatari.

Kinachoniumiza ni muda. Huu ugonjwa unakwenda polepole unakudanganya. Wiki ya kwanza mpaka ya pili ni maumivu tu na ugumu, homa inaweza kuwa ndogo, ukichoma sindano kuvuta hupati usaha kwa sababu haujakusanyika, na kipindi hiki kama ungegundulika dawa peke yake ingeweza kutosha. Kuanzia siku ya 10 hivi mpaka ya 21 ndio usaha unajaa, homa inapanda, na hapa ndipo wagonjwa wetu wengi wanakuja. Ukivuka hapo bakteria wanamwagika kwenye damu, wanakwenda mapafuni, kwenye figo, kwenye moyo, presha inashuka, mtu anaanza kuweweseka, na hapo watu wanakufa, nasema wazi, wanakufa kwa kitu kilichoanza paja likiwa gumu tu.

Tambazi sasa, maana najua nusu ya mliopo hapa mnalifikiria. Mimi sijaja kuwatukana wazee, waliolipa jina hilo waliona kitu cha kweli, waliona uvimbe wa ndani unaotambaa, unauma, unaua. Na lile la sindano naelewa lilikotoka, mtu anapelekwa hospitali amechelewa wiki tatu, damu imeshachafuka, anachomwa sindano ya kwanza, usiku anafariki, watu wanaondoka wanasema sindano imemuua. Haikuwa sindano, ilikuwa zile wiki tatu. Na chale nazo, jamani, kuchanja chale juu ya mguu uliovimba ni kuwafungulia bakteria wengine mlango ambao haukuwepo.

Mama wa pale nyuma mwenye kitenge cha bluu ameuliza, je kijana akiumwa paja baada ya mpira nitajuaje kwamba ni kuteguka tu? Mama, msuli ulioteguka au kuvia damu unauma sana siku ya kwanza na ya pili halafu unapungua kila siku. Huu unafanya kinyume, unaanza kidogo halafu kila siku unaongezeka. Ukiona siku ya nne ni mbaya kuliko ya pili, au kuna homa yoyote, au nyama ni ngumu kuliko ya mguu wa pili, shika yote miwili ulinganishe, usisubiri. Na kuna wa kwenye msuli wa ndani ya nyonga, huyo hata hutaona uvimbe, mtoto analala amekunja mguu hataki kuunyoosha, ukiunyoosha analia, wengi wanadhaniwa ni kidoletumbo. Uchunguzwe huo mguu.

Na amoksi. Naomba hili mlibebe mpaka nyumbani. Stafilokokasi wa siku hizi wengi wao wanatengeneza kitu kinachokata penisilini vipande, na amoksi ni ndugu wa penisilini, anaikata vilevile. Dawa ya penisilini yenyewe iligunduliwa London mwaka 1928 kwenye sahani ya huyu huyu stafilokokasi, Fleming alikuta ukungu umeua bakteria waliokuwa pembeni yake, lakini dawa ilipoanza kutumika haikuchukua miaka mingi bakteria wakawa wamejifunza, ikatengenezwa dawa nyingine ya kuwamudu, methisilini, na mwaka 1961 Uingereza wakaripoti wanaoishinda hata hiyo. Huku kwetu kwa ugonjwa huu daktari mara nyingi anaanza na kloksasilini ya kwenye mshipa, kwa dozi yake na wiki zake, na hiyo si ya kujinunulia. Halafu hata dawa iwe nzuri vipi, usaha ukishajaa dawa haiingii vizuri mle ndani, damu haifiki katikati ya dimbwi, lazima utolewe.

Sasa nawageukia wenzangu wa afya, manesi, madokta, wahudumu wa vituo, na hapa ndipo hasa nilipotaka kufika. Yule kijana wetu alipopasuliwa, ule usaha ulikuwa kwenye bakuli la chuma unasubiri kumwagwa kwenye ndoo. Nusu lita ya majibu inakwenda kwenye ndoo! Nilisimama mlangoni nikaomba, jamani nipeni mililita tano tu. Wakanipa kwenye sirinji. Nikauweka kwenye kioo nikautia rangi, hadubini ikanionyesha vichala vya zambarau katikati ya seli zilizochakaa za pinki, kesho yake asubuhi sahani imejaa dhahabu. Nikachukua kidoti nikaweka kwenye matone ya haidrojeni paroksaidi yakatoa povu, nikachukua kingine nikaweka kwenye tyubu ya plazma, yale maji ya damu yanayobaki seli zikitolewa, baada ya saa chache nikaiinamisha ile tyubu haimwagiki, imeganda kama uji wa muhogo. Hiyo ndiyo alama ya huyu wa dhahabu, anagandisha plazma, na ndani ya mwili anafanya hivyo hivyo, anajifunika na hilo bonge askari wa damu wasimfikie. Halafu nikaweka vidonge vya dawa kwenye sahani, penisilini akaota mpaka ukingoni kabisa haogopi, kwenye dawa ya familia ya kloksasilini pakabaki duara safi. Dokta akajua anatumia nini kwa uhakika, hakubahatisha. Kijana alilazwa wiki mbili na ushee, akaendelea na dawa nyumbani, leo anatembea.

Kwa hiyo usaha usimwagwe wote. Chukueni kidogo, kwenye sirinji au kikopo safi chenye mfuniko, siyo kile kipamba kimechovywa juu juu, leteni siku hiyo hiyo. Na damu ya kuotesha ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza ya dawa, kutoka sehemu mbili tofauti za mwili, ngozi isafishwe kweli na iachwe ikauke.

Kwa nini nasisitiza sehemu mbili? Hapa inabidi nikiri upande wetu wa maabara. Kuna ndugu mwingine, stafilokokasi epidemidisi, huyu yuko kwenye ngozi ya kila mtu, wote mliokaa hapa mnaye. Akiota kwenye chupa ya damu sisi tunaandika uchafu wa ngozi, tunafunga faili, na mara nyingi tuko sahihi kwa sababu sindano ilipita kwenye ngozi ikamchukua. Akiota chupa moja tu, ndio, pengine ni uchafu. Akiota kwenye zote mbili zilizotoka mikono miwili, na mgonjwa ana valvu ya moyo ya kupandikizwa, au mpira wa kusafishia damu, au chuma mguuni, huo si uchafu tena, huyo ndiye mwizi mwenyewe.

Na vyuma sasa hivi viko vingi kwa sababu ya ajali za bodaboda. Alikuwepo mgonjwa, simtaji wala sitaji alitibiwa wapi, alipata ajali akawekewa chuma, mguu ukaunga, lakini kwenye kovu pakawa na kitundu kinatoa maji maji, leo kinakauka kesho kinatoka, miezi. Sampuli ilikuja maabara mara mbili na mara mbili tukajibu bakteria wa kawaida wa ngozi. Mara ya tatu dokta wake alikuja mwenyewe akasema nimechukua vipande kutoka kwenye mfupa chini ya chuma, sehemu tofauti tofauti, naomba msiandike wa kawaida, niambieni ni nani. Vipande karibu vyote aliota epidemidisi huyo huyo mwenye tabia zile zile. Anachofanya huyu hana sumu kali kama wa dhahabu, yeye anatengeneza utelezi. Mnajua ndoo ya maji ukiiacha wiki bila kusugua, ukipitisha kidole ndani panateleza? Ndiyo hivyo, anajenga utelezi juu ya chuma anakaa chini yake, dawa inapita juu, ukimaliza dozi anatoka tena. Kwa huyo mgonjwa mpaka chuma kilipotolewa ndio kitundu kikafunga. Zile mara mbili za kwanza mimi nilikuwepo zamu, na yale majibu nilisaini.

Kuna na wa chunusi. Huyu anaishi ndani ya vitundu vya mafuta usoni, mabegani, mgongoni juu, hapendi hewa, miaka yote akiitwa propionibakteria akne, mwaka 2016 wakambadilisha jina kuwa kutibakteria. Watu wakifanyiwa upasuaji wa bega, hasa kuwekewa bega la bandia, anaweza kuingia akakaa kimya miezi, hata miaka, hakuna homa, hakuna usaha, bega linauma tu na kukaza. Tatizo anaota taratibu mno, sahani ya kawaida tunaitupa baada ya siku mbili tatu, yeye anataka siku 10 mpaka 14 na bila hewa. Kwa hiyo kama dokta hakutuandikia kwamba ni bega la upasuaji, tunatupa sahani na majibu yakiwa humo humo ndani yanakuja. Andikeni historia ya mgonjwa kwenye fomu, jamani, mstari mmoja unatosha.

Mama zangu na dada zangu, la kwenu. Kuna bakteria wa ngozi anaitwa korinebakteria kropenstedti, aliandikwa mwaka 1998 huko Sweden, anapenda mafuta, na ziwa lina mafuta. Ameonekana kwenye ugonjwa ambapo ziwa linakuwa na uvimbe mgumu unauma, unatoboka unatoa usaha, unapona huku unatokea kule, kwa wanawake waliozaa miaka ya karibuni. Unafanana sana na TB ya ziwa na unafanana na saratani. Sisemi hivi ili mtu mwenye uvimbe akae akijifariji ni bakteria tu, hapana, uvimbe wowote wa ziwa ukaangaliwe, ukatwe kinyama upimwe, ila na usaha nao uletwe uoteshwe, kwa sababu dawa za TB za miezi sita kwa mtu asiye na TB ni mzigo mkubwa mno.

Na vijana, chunusi na majipu ya kuanzia juu ya pua mpaka pembe za mdomo msiyatumbue. Mishipa ya damu ya eneo hilo inaungana na ile iliyo nyuma ya jicho na karibu na ubongo. Haitokei mara kwa mara, lakini ikitokea damu inaganda kule nyuma, jicho linavimba linatoka nje, kichwa kinapasuka kwa maumivu, mtu anaanza kuona vitu viwili viwili, na mara nyingi ni huyu huyu wa dhahabu. Uso ukivimba na homa baada ya kutumbua kijipu, hiyo ni ya hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni saa nane usiku.

Nimeleta vikopo vyenye mifuniko, viko kwenye boksi pale mlangoni, wenzangu wa vituo chukueni vya kutosha, namba ya simu ya maabara nimeibandika kwenye kila kimoja, piga kabla ya kuleta na sisi tutaandaa sahani. Maswali nitajibu baada ya chai.

Ila mama wa kitenge cha bluu, umesema kijana wako ana siku ya sita sasa na jana usiku alikuwa anatetemeka. Wewe usisubiri chai. Dokta yuko hapa mbele na gari la kituo lipo nje, nenda kamchukue.